UZI: Wakfu wa elimu unavyosaidia programu za ziada katika shule za umma za Marekani, na mahali unapoteleza

Msoma Maombi (mwanzisha uzi)

Wanajamvi, salaam.

Kwa miaka sita nimekuwa mjumbe wa kujitolea katika kamati inayosoma maombi ya ruzuku za walimu kwenye wakfu wa elimu wa wilaya moja ya shule, jimboni California. Kila mwaka wa masomo unapoanza, wazazi wenzetu wanaoishi Marekani huuliza maswali yale yale: huu wakfu unaotuandikia barua za kuomba mchango ni wa nani, fedha zake zinakwenda wapi, na kwa nini shule ya umma inayoendeshwa kwa kodi zetu ihitaji tena kuchangiwa. Nimeona niyajibu hapa kwa pamoja, na ninautaja msimamo wangu mapema ili asiyekubaliana nami ajue pa kunishika: wakfu wa elimu unafaa sana pale unapolipia jambo ambalo bado linajaribiwa, na unaanza kuwa mzigo pale unapogeuzwa kuwa mlipaji wa mishahara.

Kwanza tuelewane kuhusu chombo chenyewe. Wakfu wa elimu wa wilaya si idara ya shule, si bodi ya shule inayochaguliwa na wapiga kura, wala si chama cha wazazi na walimu, yaani PTA. Ni shirika lisilo la faida lenye bodi yake, linalotambuliwa chini ya kifungu 501(c)(3) cha sheria ya kodi ya serikali kuu, yaani kama shirika la hisani lisilotozwa kodi ya mapato, na kazi yake ni kukusanya michango ya watu binafsi, wafanyabiashara na mashirika mengine, kisha kuielekeza katika shule za wilaya moja. PTA kwa kawaida ni ya shule moja, na klabu ya wafadhili wa bendi au ya timu ya mpira ni ya kundi moja ndani ya shule moja, ilhali wakfu unatakiwa kuitazama wilaya nzima. Mara nyingi msimamizi mkuu wa shule za wilaya hukaribishwa kwenye vikao vya bodi ya wakfu bila haki ya kupiga kura, na uhusiano wa pande hizo mbili huandikwa katika hati ya makubaliano inayosema nani anatoa ofisi, nani anatunza hesabu, na nani ana neno la mwisho kuhusu matumizi.

Mashirika ya namna hii yalizidi kuota California baada ya mambo mawili yaliyofuatana. Mwaka 1971, katika kesi ya Serrano dhidi ya Priest, Mahakama ya Juu ya jimbo hilo ilikubali hoja kwamba kuzigharimia shule kwa kutegemea thamani ya majengo na ardhi ya kila wilaya kunawaonea watoto wa wilaya maskini, na hatua zilizofuata zikabana uwezo wa wilaya tajiri kujitengea fedha nyingi kuliko wengine. Kisha, Juni 1978, wapiga kura wakapitisha Proposition 13, iliyoweka ukomo wa kodi ya majengo na ardhi kuwa asilimia 1 ya thamani iliyokadiriwa, na makadirio yenyewe yasipande kwa zaidi ya asilimia 2 kwa mwaka mpaka mali iuzwe. Mapato ya kodi hiyo yakaporomoka kwa zaidi ya nusu. Shuleni, vilivyofyekwa mapema ni vile ambavyo sheria haikuvilazimisha: muziki, sanaa, wakutubi, madarasa ya kiangazi. Jamii iliyotaka kuvirudisha ilibakiwa na njia mbili, ama kodi maalumu ya viwanja, ambayo kwa kawaida haipiti bila theluthi mbili ya kura, ama mchango wa hiari, ambao hauhitaji kura ya mtu yeyote. Ndiyo maana San Francisco Education Fund ulianzishwa mwaka 1979, na ndiyo maana wilaya nyingi za jimbo hilo zina wakfu hadi leo. Nje ya California nako mambo hayakulala. Mwaka 1983 Ford Foundation ilisaidia kuanzisha mjini Pittsburgh shirika la Public Education Fund, ambalo kazi yake ilikuwa kuzisaidia jamii nyingine kuunda mifuko yao. Watafiti waliohesabu mashirika yasiyo ya faida yanayosaidia shule za umma nchini Marekani walikuta idadi yake imeongezeka zaidi ya mara tatu kati ya 1995 na 2010.

Sasa nieleze kazi ninayoijua kwa mikono yangu, ambayo ni ruzuku ndogo za walimu. Mwalimu anaandika maombi ya kurasa mbili au tatu: anataka kufanya nini, kwa wanafunzi wangapi, kitagharimu kiasi gani, na atajuaje kwamba kimefaulu. Mkuu wa shule anaweka saini kuthibitisha kwamba hapingi na kwamba jambo hilo haligongani na mtaala. Kama kuna kompyuta au programu ndani yake, idara ya teknolojia ya wilaya lazima ikague kwanza, kwa sababu tulikwisha kununua vifaa ambavyo havikuruhusiwa kuunganishwa na mtandao wa shule, vikakaa kabatini mwaka mzima. Baada ya hapo maombi yanafika kwetu yakiwa yamefutwa majina ya walimu na ya shule, nasi tunayapa alama kila mtu peke yake kabla ya kukutana. Kufuta majina kunaonekana jambo dogo, lakini mwaka tulioanza kufanya hivyo shule mbili ambazo hazikuwa zimepata chochote kwa muda mrefu zilipata, na walimu wawili waliozoea kupata kila mwaka walikosa. Hapakuwa na njama yoyote hapo awali. Wajumbe walikuwa wakiwapa alama watu waliowafahamu.

Nilichojifunza katika kusoma maombi hayo ni kwamba maombi mazuri si yale yenye lugha nzuri. Mwalimu mmoja aliomba fedha za mabasi tu, ili awapeleke wanafunzi wa darasa la nne kwenye kinamasi mara nne kwa mwaka, mahali pale pale, wakapime maji na kuandika walichokiona katika kila majira. Kwa thamani ya fedha hizo, ile ilikuwa ruzuku bora kuliko zote nilizozipigia kura, kwa sababu mwalimu alikuwa tayari, somo lilikuwa tayari, na kilichokosekana ni mafuta na dereva. Upande wa pili wa mizani niliwahi kutetea kwa nguvu ombi la mashine ya kuchapa vitu vya plastiki, likapita, na mashine ikaharibika kabla ya likizo ya Desemba bila kuwapo mtu wilayani aliyejua kuitengeneza wala fungu la kununulia vipuri. Tangu hapo kila ombi la kifaa nalitazama kwa swali moja: kikiharibika, nani atakitengeneza na kwa fedha ipi?

Mbali na ruzuku za walimu, wakfu nyingi hugharimia programu za wilaya nzima, kama vile mwanamuziki anayezunguka shule za msingi, klabu za roboti, kambi za sayansi za kiangazi, vitabu vya maktaba, au maonyesho ya tamthilia. Hapo kazi ya wakfu huwa ni kuandika hundi na kusoma taarifa mwisho wa mwaka, nami sina mengi ya kuongeza.

Jambo linalonitia wasiwasi ni la tatu, mishahara. Wakfu haumwajiri mwalimu. Unaipa wilaya fedha, na wilaya ndiyo inayoajiri kwa masharti ya mkataba wa chama cha walimu. Hilo ni sawa. Lakini tazameni kalenda. Kwa sheria ya California, wilaya inayokusudia kumwachisha kazi mwalimu wa kudumu kwa sababu za bajeti inapaswa kumtaarifu kufikia tarehe 15 Machi, na mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai. Kwa hiyo wakfu unaolipia walimu wa muziki hulazimika kuahidi fedha za mwaka ujao mwezi Februari au Machi, wakati ambapo fedha hizo bado ziko mifukoni mwa wazazi ambao wengine hata hawajahamia wilayani. Kampeni ikipwaya, wakfu unakula akiba yake. Ikipwaya mara mbili, mwalimu anapata barua. Nao wazazi waliokuwa wakichanga kwa furaha ili mtoto aonje jambo jipya sasa wanachanga kwa hofu ili asipoteze alilokuwa nalo.

Ikumbukwe pia kwamba, pamoja na mabango na karamu zote, katika wilaya nyingi fedha za wakfu hazifiki hata asilimia moja ya bajeti ya shule. Fedha ndogo namna hiyo zinaweza kununua uhuru wa kujaribu. Kubeba paa haziwezi.

Karibuni kwa hoja.

Mama wa Watoto Wawili

Asante sana, ndugu mwanzisha uzi, kwa maelezo ya kina. Nina swali ambalo limenikosesha usingizi tangu tuhamie California. Tulipewa barua yenye kiwango cha fedha kwa kila mtoto, na chini yake pameandikwa kwamba familia zote zinatarajiwa kushiriki. Baba watoto anasema ni ada tu iliyovalishwa nguo nyingine, na kwamba tusipolipa watoto watawekwa kando siku ya safari. Mimi nasita, kwa sababu barua yenyewe inauita mchango. Je, tunalazimika? Na je, mwalimu wa darasa anajua nani ametoa na nani hajatoa?

Msoma Maombi

Dada, hamlazimiki, na jibu hili si maoni yangu, ni sheria. Baada ya Proposition 13, wilaya moja ya Santa Barbara ilianza kuwatoza wanafunzi wa sekondari dola 25 kwa kila shughuli waliyoshiriki, iwe tamthilia, muziki au michezo, na kesi ikafika hadi Mahakama ya Juu ya California. Katika hukumu ya Hartzell dhidi ya Connell ya mwaka 1984, mahakama ilisema kwamba shughuli hizo ni sehemu ya elimu, na kwa kuwa katiba ya jimbo inaahidi shule za bure, ada hizo ni kinyume cha katiba. Mahakama haikukubali hata utetezi kwamba watoto maskini walikuwa wakisamehewa, kwa maana ada haigeuki kuwa halali kwa sababu mtu ameruhusiwa kuomba msamaha wa kulipa. Sheria iliyopitishwa mwaka 2012 iliongeza utaratibu wa mzazi kuwasilisha malalamiko pale anapotozwa kinyume na hapo.

Kwa hiyo wakfu unaruhusiwa kuomba, hata kupendekeza kiwango, lakini ushiriki wa mtoto katika safari, bendi au klabu hauwezi kufungwa na mchango wa mzazi wake. Shule ikisema asiyetoa haendi, imevuka mstari. Kuhusu mwalimu kujua, wakfu unaojiheshimu hauwapi walimu wala wakuu wa shule orodha ya waliotoa na wasiotoa. Ninyi mna haki ya kuuliza swali hilo kwa maandishi na kujibiwa kwa maandishi. Lile neno "zinatarajiwa" kwenye barua yenu nisingeliruhusu lipite kama ningekuwa ndiye mhariri wake, "zinakaribishwa" lingetosha.

Mhasibu Mstaafu

Nimesoma kwa makini, na kwa sehemu kubwa nakubaliana na mwanzisha uzi, isipokuwa nadhani amelipita kwa haraka jambo zito kuliko yote. Amesema wakfu "unatakiwa kuitazama wilaya nzima". Kutakiwa ni jambo moja na kufanya ni lingine. Ndani ya wilaya moja inaweza kuwapo shule ya msingi ambayo wazazi wake ni madaktari na wanasheria, na nyingine ambayo wazazi wake wanafanya kazi za zamu mbili. Fedha zikikusanywa shule kwa shule, ya kwanza itakuwa na mwalimu msaidizi katika kila darasa na ya pili itakuwa na bango la kushukuru wafadhili wa mpira. Serikali imehangaika kwa kesi na sheria kusawazisha fedha za kodi, halafu mchango wa hiari unarudisha mwinuko ule ule kwa mlango wa nyuma, tena ukiwa na unafuu wa kodi, kwa maana anayetoa anaruhusiwa kupunguza mchango huo kwenye mapato yake yanayotozwa kodi. Hazina ya umma inakuwa imechangia mwinuko huo bila kuulizwa.

Wapo waliojaribu kulitatua. Kule Portland, Oregon, kwa miaka mingi wazazi waliruhusiwa kukusanya fedha za kuongeza wafanyakazi katika shule yao, kwa sharti kwamba baada ya dola 10,000 za mwanzo, theluthi moja ya kila kilichozidi iende kwenye mfuko wa pamoja wa shule nyingine. Santa Monica na Malibu, ambazo zilikuwa wilaya moja ya shule, zilikwenda mbali zaidi: Novemba 2011 bodi iliamua kwamba fedha za kulipia wafanyakazi wa ziada zikusanywe na wakfu wa wilaya nzima na kugawanywa kwa shule zote, badala ya kila PTA kulipia watu wake. Wazazi wengi wa Malibu walichukizwa, na uamuzi huo ukawa kuni katika moto wa madai yao ya kutaka wilaya yao wenyewe.

Swali langu kwa mwanzisha uzi ni hili: wakfu wenu unagawaje? Na mchangiaji akisema fedha zangu ziende shule ya mwanangu tu, mnamjibu nini?

Msoma Maombi

Mzee wangu, umenishika mahali panapouma, na nakiri kwamba nililipita haraka kwa sababu majibu yetu wenyewe hayajatulia.

Kwa miaka mitatu ya mwanzo niliyokuwa kwenye kamati, mchangiaji aliruhusiwa kutaja shule. Matokeo yake yalikuwa kama unavyoyaeleza. Baadaye bodi iliamua kwamba mchango wa kawaida unaingia mfuko mmoja, na kwamba mchango wenye masharti unapokelewa tu ikiwa sharti lenyewe ni la programu, kwa mfano muziki wa shule za msingi zote. Tulipoteza wachangiaji wakubwa kadhaa mwaka ule. Mmoja aliniambia wazi kwamba hakuona sababu ya kumnunulia fidla mtoto asiyemjua, nami sikuwa na jibu la kumtuliza zaidi ya kumwambia kwamba mwanawe na mtoto huyo watakutana katika bendi ile ile watakapofika sekondari. Mwaka uliofuata hakurudi. Wengine walirudi.

Hata hivyo, kugawa sawa kwa kila shule nako si haki kamili. Shule yenye walimu wapya na mkuu anayebadilishwa kila mara haiandiki maombi mazuri, hata ikihitaji kuliko zote, kwa sababu kuandika maombi ni kazi ya jioni na walimu wake jioni wamechoka au wameshaacha kazi. Ndiyo maana sasa mjumbe mmoja wa kamati hupangiwa kwenda kwenye shule ambazo hazikuomba mwaka uliopita, akakae na walimu na kuwasaidia kuandika. Sioni kama ni upendeleo. Pengine ingekuwa hivyo kama mjumbe huyo angepiga kura juu ya maombi aliyosaidia kuyaandika, jambo ambalo tumelipiga marufuku.

Jambo moja tu la kuongeza kwenye hoja yako ya kodi. Mchango wa mzazi kwa safari ya mtoto wake mwenyewe si mchango mbele ya idara ya kodi. Ni malipo ya huduma. Klabu za wafadhili zinazomwekea kila mtoto akaunti yake, kwamba mzazi aliyeuza keki nyingi ndiye mwanawe atapunguziwa nauli, zinajiweka katika hatari ya kunyang'anywa hadhi yao ya 501(c)(3), kwa kuwa fedha za hisani zinakuwa zimemnufaisha mtu mahususi.

Mhasibu Mstaafu

Nimekuelewa, na nashukuru kwa ukweli wako. Niongeze mambo ya vitabu ambayo mzazi yeyote anaweza kuyakagua bila kuwa mhasibu. Wakfu wenye mapato ya dola 200,000 au zaidi kwa mwaka, au mali ya dola 500,000 au zaidi, unatakiwa kujaza Fomu 990 kamili kila mwaka, yaani taarifa ya hesabu zake kwa idara ya kodi ya serikali kuu, na fomu hiyo ni ya umma. Ukiiomba lazima uonyeshwe. Midogo zaidi hujaza fomu fupi, na ile ambayo mapato yake kwa kawaida hayazidi dola 50,000 hutuma taarifa ya kielektroniki tu. Shirika lisilowasilisha kwa miaka mitatu mfululizo linapoteza hadhi yake lenyewe, bila onyo la mahakama, na nimeona mifuko midogo ikifa namna hiyo kwa sababu mweka hazina wa kujitolea alihama na hakuna aliyekumbuka nywila.

Katika fomu hiyo tazameni mistari miwili tu. Wa kwanza ni kiasi kilichotolewa kama ruzuku kwa wilaya, ukilinganishwa na gharama za karamu ya kuchangisha. Karamu iliyoingiza fedha nyingi na kula karibu zote ni tafrija, tuiite hivyo. Wa pili ni akiba ya kudumu: wakfu wenye akiba ya namna hiyo hutumia sehemu ndogo tu ya thamani yake kila mwaka ili mtaji ubaki, na ukiona mtaji unapungua miaka miwili mfululizo, basi yale aliyoyasema mwanzisha uzi kuhusu mishahara yameshaanza kutokea.

Na mtoaji naye asisahau wajibu wake. Kwa mchango mmoja wa dola 250 au zaidi, unahitaji barua ya wakfu inayothibitisha kiasi na kusema kama ulipewa chochote badala yake. Kama ulilipia meza kwenye karamu, thamani ya chakula inaondolewa kwanza. Kinachobaki ndicho mchango.

Mama wa Watoto Wawili

Nimeandika barua niliyoshauriwa. Nitaleta jibu hapa likifika. Baba watoto ameusoma uzi wote na kusema tutatoa kidogo, ila si kile kiwango cha kwenye barua.

Mwalimu wa Sayansi

Nimekuwa msomaji kimya, lakini mjadala huu unanigusa kwa kuwa ninafundisha sekondari katika jimbo la Pennsylvania na nimepata ruzuku za wakfu mara tatu, na kukosa mara tano. Niseme kwa upande wa anayeomba.

Huku kwetu upo utaratibu ambao huko California sikuusikia. Tangu mwaka 2001 jimbo lina mpango wa unafuu wa kodi kwa kampuni zinazochangia mashirika ya elimu, na wakfu wa wilaya unaweza kusajiliwa humo kwa ajili ya programu bunifu katika shule za umma. Kampuni ikitoa mwaka mmoja hurudishiwa asilimia 75 ya mchango wake kwa njia ya kupunguziwa kodi ya jimbo. Ikiahidi miaka miwili, asilimia 90. Neno "bunifu" limo kwenye masharti yenyewe: programu iwe inaongeza juu ya mtaala wa kawaida wa shule, isiwe inalipia mtaala wenyewe. Kwa hiyo ule mpaka ambao mwanzisha uzi anautetea kwa hoja, sisi tumeandikiwa. Wakati mwingine unasumbua, kwa sababu darasa langu linaweza kukosa gololi za majaribio na bado nikaambiwa gololi si ubunifu.

Pili, jamani, wanakamati, muwe na huruma juu ya muda. Ruzuku ya dola 600 inaniomba maelezo ya mwanzo, taarifa ya katikati, taarifa ya mwisho, picha za wanafunzi zenye idhini ya wazazi, na barua ya shukrani kwa mfadhili. Nikihesabu saa zangu, fedha yenyewe imekwisha. Zaidi ya hayo, ruzuku ikishapita fedha haziji kwangu; zinakwenda idara ya manunuzi ya wilaya, ambayo ina orodha ya wauzaji walioidhinishwa. Nimewahi kusubiri mizani tangu Oktoba hadi Februari, ikafika wiki moja baada ya somo lake kupita.

Tatu, kupima mafanikio. Fomu nyingi zinauliza alama za mtihani zitapanda kwa kiasi gani. Wanafunzi 26 wakifanya jaribio moja zuri kwa wiki mbili, alama za jimbo hazitatikisika, na mwalimu anayeandika kwamba zitapanda anadanganya kwa sababu fomu imemlazimisha. Niulizeni badala yake kama mwaka ujao nitafundisha tena jambo hilo. Hilo nalijua kwa hakika.

Msoma Maombi

Mwalimu, hoja yako ya tatu naichukua kama ilivyo na nitaipeleka kwenye kikao kijacho cha kamati. Swali letu la alama za mtihani liliwekwa na mfadhili mmoja miaka mingi iliyopita, na hakuna aliyewahi kulifuta kwa kuogopa kumuudhi, ingawa mfadhili mwenyewe alishaacha kuchangia. Kuhusu taarifa, kwa ruzuku chini ya dola 1,000 nitapendekeza taarifa moja ya nusu ukurasa. Idara ya manunuzi hatuna mamlaka juu yake, ila tunaweza kutangaza matokeo mwezi Mei badala ya Septemba, ili maagizo yafanyike majira ya kiangazi wakati ofisi hiyo haina msongamano.

Lakini umesema umepata mara tatu. Tuambie zilikwenda wapi, maana sisi tunaosoma maombi mara nyingi hatujui yaliyotokea baada ya taarifa ya mwisho.

Mwalimu wa Sayansi

Ya kwanza ilikuwa hadubini nane za kutazamia viumbe vidogo vya majini, pamoja na kamera moja ya kuunganisha kwenye skrini ili darasa zima lione kile anachokiona mmoja. Mwaka wa kwanza nilizitumia peke yangu. Mwaka wa pili walimu wengine wawili wakaanza kuziazima, na tukagombana kidogo kuhusu ratiba. Mwaka wa tatu mkuu wa idara aliziweka kwenye mpango wa somo la biolojia la darasa la tisa, na mwaka wa nne wilaya ikanunua nyingine kwa bajeti yake, kwa shule zote mbili za sekondari. Sasa zimo katika orodha ya vifaa vya kawaida, zinatengenezwa na fundi wa wilaya, na ule mlango wa kabati wenye kibandiko cha wakfu umeshabadilishwa. Wakfu haukulipa tena hata senti moja baada ya mwaka ule wa kwanza.

Ya pili ilikuwa bustani ya maji ya mvua, ikafa kiangazi kwa sababu hakuna aliyeimwagilia. Kosa lilikuwa langu; sikuandika kwenye maombi nani angekuwapo mwezi Julai.

Ya tatu nimeipata mwaka huu. Ni vinasa sauti vinne vya kuacha nje usiku, ili wanafunzi wahesabu aina za ndege na vyura wanaolia kuzunguka uwanja wa shule, waone kama idadi inabadilika taa za uwanja zinapowashwa. Vifaa vimefika wiki iliyopita, tena mapema safari hii. Kimoja tayari kimejaa sauti ya kiyoyozi cha jengo la mazoezi, hivyo kesho tunakihamishia upande wa miti.